BICEP2 haikustahili sentensi moja

Mwandishi, hapo kwenye darubini ya BICEP2 umepita mbio mno. Machi 2014 wale jamaa wa Ncha ya Kusini walitangaza kwamba wameona, katika mwanga wa kale kuliko wote, alama ya mawimbi ya mvutano ya mwanzo wa ulimwengu, tena yenye nguvu: r, yaani uwiano wa mawimbi hayo na mitikisiko ya msongamano, ilikuwa 0.2. Andrei Linde, mmoja wa waasisi wa nadharia ya mfumuko (kwamba ulimwengu ulitanuka ghafla mwanzoni kabisa) inayotabiri mawimbi hayo, akagongewa mlango nyumbani kwake, shampeni ikafunguliwa, video ikazunguka dunia nzima.

Kasoro ilikuwa moja. Darubini ilitazama masafa ya gigahezi 150 peke yake. Vumbi la galaksi yetu huzidi kung'aa masafa yanapopanda, kwa hiyo bila masafa ya pili huwezi kujua kipi ni vumbi na kipi ni mwanga wa kale. Setilaiti ya Planck ilikuwa na gigahezi 353. Data zilipounganishwa mwanzoni mwa 2015, ushahidi ukayeyuka.

Na wewe uliyeandika hapo juu kwamba nadharia ya mfumuko “haipimiki”, tazama matokeo ya timu hiyohiyo ya 2021: r iko chini ya 0.036. Modeli rahisi ya Linde mwenyewe, ya fai mraba, ilitabiri kama 0.13. Hiyo imekwisha. Ya Starobinsky, inayotabiri takriban 0.003, bado inapumua. Nakubali wananadharia wana modeli nyingi mno kibindoni, ukiua moja wanachomoa nyingine. Lakini setilaiti ya LiteBIRD ya Wajapani imebuniwa kufikia usahihi wa 0.001, na hapo modeli ya Starobinsky haitakuwa na pa kujificha.