MAANA YA MAJINA: SCHMIDT

Mwezi huu twalitazama jina Schmidt, ambalo ni jina la ukoo kwa Wadachi wengi. Asili yake ni neno la kale lenye maana ya fundi, hata fundi wa mbao. Baadaye likabaki kwa mhunzi tu. Waingereza husema Smith, Waholanzi Smit. Zamani mtu aliitwa kwa kazi yake, na watoto wakalirithi jina hilo hata wasiposhika nyundo.

Nasi Ufipa tulikuwa na wahunzi hodari. Walijenga malungu, yaani tanuru za udongo zenye kimo cha mita 3 hivi, zilizovuta upepo zenyewe pasipo mivukuto. Kisha chuma kilisafishwa kwa mivukuto katika vintengwe, kikafuliwa majembe. Majembe ya dukani yalipoenea katika karne ya 20, kazi ile ikakoma.

Malungu mengine yangaliko porini, lakini hayamtaji aliyeyajenga. Mdachi aliyesahau kazi ya babu zake hukumbushwa na jina lake. Asiye na jina la namna hiyo hukumbushwa na wazee tu. Basi, enyi wazazi, waulizeni wangali hai, mkawaandikie watoto wenu.