Nani Alisema Idi ni Mchele?

Mwezi mzima wa Ramadhani kiazi kitamu ni mfalme wa futari. Kinapikwa kwa nazi, kinasubiriwa kwa hamu, na mtoto akigawiwa kipande kidogo ananuna. Mwezi ukiandama tu, kinafukuzwa. Siku ya Idi hakionekani kwenye sinia, na mpishi atakayethubutu kukipakua kando ya nyama ataulizwa, kwa upole unaochoma, kama nyumbani kuna shida.

Kutoka Lamu hadi Mucojo, kule kaskazini mwa Msumbiji, imani ni ileile: sikukuu bila mchele si sikukuu, na kiazi ni chakula cha dhiki, kifichwe mgeni akibisha hodi. Imani hii ni mbovu, na Mucojo ndipo ubovu wake unapoonekana waziwazi.

Mucojo iko ufukweni katika wilaya ya Macomia, kama kilomita 45 kutoka mji wa Macomia wenyewe. Ni pwani ya wavuvi na wakulima, ya minazi na mihogo. Tarehe 25 Aprili 2019 Kimbunga Kenneth kiliipiga pwani hiyo. Kabla ya hapo, Oktoba 2017, vita vya waasi vilikuwa vimeanzia Mocímboa da Praia, vikasambaa kusini, watu wakakimbilia Macomia, Metuge na Pemba. Mwanzoni mwa 2024 waasi waliushika mji wa Mucojo wenyewe. Sasa mwambie mama aliyepitia hayo yote kwamba heshima ya Idi yake inategemea gunia la mchele. Msumbiji yenyewe huagiza sehemu kubwa ya mchele wake kutoka nje. Gunia hilo limevuka bahari, likapita bandarini, likapanda lori, na kila kizuizi njiani kimeliongezea bei. Kiazi hakina safari hiyo. Ukate marando, uyachomeke kwenye tuta lenye unyevu, na baada ya miezi 3 hadi 5 unachimba. Wakati unasubiri, unachuma matembele.

Watetezi wa mchele watasema ni mila. Mila ya tangu lini? Mchele ulitoka Asia na kiazi kitamu kilitoka Amerika. Wote wawili ni wageni waliopewa uenyeji. Nyanya na pilipili nazo zilitoka huko Amerika kilikotoka kiazi, na sijaona mtu akizificha siku ya sikukuu. Kama hoja ni dini, sunna inayojulikana ya asubuhi ya Idi ya Mfunguo Mosi ni kula tende kabla ya kwenda kuswali. Pilau haikufaradhishwa.

Wengine watasema utamu wake haupatani na nyama. Hawa ndio haohao wanaotia zabibu kavu kwenye biriani na kula pilau kwa ndizi mbivu. Ulimi wao hauna tatizo na utamu. Tatizo lao ni macho ya jirani. Marekani, sikukuu ya kushukuru ya Novemba huwa na viazi vitamu kando ya bata mzinga, na matajiri wa huko hawaoni kwamba wameaibika.

Hoja ya tatu, kwamba kiazi hujaza tumbo tu, ilishazikwa na wataalamu, na baadhi yao wakiwa Msumbiji hapohapo. Mwaka 2011 nchi hiyo ilitoa aina 15 za viazi vya rangi ya chungwa zinazostahimili ukame, kazi iliyoongozwa na Maria Andrade, mzaliwa wa Cape Verde. Mwaka 2016 yeye, Robert Mwanga wa Uganda, Jan Low na Howarth Bouis walipewa Tuzo ya Chakula ya Dunia. Rangi ile ya chungwa ndiyo mwili unayoigeuza kuwa vitamini A, inayolinda macho na kinga ya mtoto. Nayo hufyonzwa vizuri ikiandamana na mafuta. Kwa hiyo bibi zetu waliokitia kiazi tui la nazi walifanya jambo la maana, na mchele mweupe hauna cha kujibu hapo.

Najua nitakayorushiwa: unawaambia waliopoteza kila kitu waridhike na viazi. Sivyo. Mwenye uwezo wa mchele na aupike, na aliyekimbia vita anadai haki zake zote, chakula cha kutosha kikiwa mojawapo. Ninachokipinga ni aibu. Aibu ndiyo inayomfanya mtu akope ili apike wali wa siku moja, huku viazi vyake vimelala shambani. Mbaya zaidi ni Idi Kubwa: nyumba inaletewa fungu la nyama ya kuchinja, sadaka ya kumfurahisha maskini, kisha maskini huyo anakwenda dukani kuandikiwa deni la mchele wa kuisindikiza.

Basi kipikwe, na kipikwe kwa heshima ya sikukuu. Menya, kata vipande vinene, panga kwenye sufuria. Mimina tui jepesi, chumvi, iliki kidogo na pilipili nzima isiyopasuliwa. Sukari iache, maana hapa kiazi kinakaa na nyama. Kile cha rangi ya chungwa kina maji mengi na huiva upesi, kwa hiyo punguza tui. Usikoroge kwa mwiko, tikisa sufuria. Kikianza kulainika tia tui zito, punguza moto, na uache mpaka rojo ishikane na vipande. Kamulia ndimu, pakua kando ya nyama ya mchuzi au samaki wa kukaanga.

Lakini mapishi peke yake hayataondoa aibu. Maskini akiweka kiazi mezani, watu husema amekosa. Tajiri akikiweka, husema amependa. Ndiyo maana hoja yangu naipeleka kwenye nyumba zenye uwezo: za wafanyabiashara, za masheikh, za viongozi wanaopokea wageni wengi siku ya Idi. Nyinyi ndio mliofanya wali kuwa kipimo cha utu. Wekeni viazi vya nazi katikati ya sinia, mle mbele ya wageni, wala msitoe maelezo.