Jina Moja kwa Daktari

Ndugu mkulima, ukipeleka miwa kiwandani, hukubali kamwe uzito wake uandikwe kwa jina la jirani. Utasimama penye mizani hata jua lizame. Lakini mtu huyo huyo akiugua, akashuka Kisumu kulala kwa shemeji yake Manyatta, humpa karani wa zahanati jina lo lote linalomjia kinywani. Leo ni John, mwezi ujao ni Otieno, na safari ya tatu ameazima kitambulisho cha kaka yake.

Zamani hasara ilikuwa ndogo, maana habari zako zilikuwa katika kijitabu mfukoni. Sasa zahanati nyingi huandika katika kompyuta. Jambo hili si geni kwetu: kituo cha afya cha Mosoriot, katika nchi ya Wanandi, kilianza mwaka 2001. Na mwezi wa Septemba 2023 Serikali ilianza kuwagawia simu wahudumu wa afya ya jamii, kadiri ya 100,000 nchi nzima, waandike humo wanapopita nyumba kwa nyumba.

Mimi naona ni jambo jema. Daktari akifungua habari zako huona dawa ulizopewa mwaka jana, na kama mwili wako huikataa penisilini. Lakini kompyuta haikujui kwa sura. Hutafuta jina, nambari na tarehe ya kuzaliwa. Ukitoa majina mawili, kwayo ninyi ni watu wawili, na onyo la penisilini limeandikwa kwa yule mwingine. Mtu aweza kufa kwa kosa hilo. Naye kaka aliyekuazima kitambulisho ameachiwa ugonjwa wako.

Wengine huficha jina kwa kuona haya, hasa kwa kifua kikuu au Ukimwi. Siwalaumu sana, kwa kuwa wako makarani waitao wagonjwa kwa sauti ya mnadani. Lakini sheria ya mwaka 2019 ya kulinda habari za watu yakataza kutoa habari za ugonjwa wako ovyo, tena yakupa haki ya kuonyeshwa yaliyoandikwa juu yako na kudai makosa yasahihishwe.

Kijitabu usikitupe, wala kile cha kliniki ya mtoto. Kompyuta ya Muhoroni huenda haisemezani na ile ya Manyatta, na umeme ukikatika zote mbili ni bubu. Na kama umekwisha kutumia majina mawili, safari ijayo chukua kitambulisho chako mwenyewe, mweleze karani waziwazi, umwombe ayaunganishe.