Kadre ya zamani: rangi mpya si dawa

Ndugu mfanyakazi, kutoka Butembo kwenda Beni ni zaidi ya kilometa 50, na njia inateremka. Mwenye kinga aliyefunga gunia la viazi, kadre ikikatika, ataanguka nalo.

Hatusemi usinunue kinga ya zamani. Kadre ya chuma ni mali nzuri: mara nyingi hutoa alama kabla ya kuvunjika, na fundi anaweza kuiunga. Adui ni rangi mpya iliyopakwa juu ya ufa. Kabla ya kulipa:

1. Tazama maungio yote, hasa chini ya usukani na penye pedali. Ukiona mstari mwembamba wa kutu, kwangua rangi.

2. Funga uzi penye ekseli ya nyuma, uzungushe bomba la usukani, urudishe upande wa pili. Nafasi kati ya uzi na bomba la kiti zisipolingana, kadre imepinda.

Nawe unayeuza, usifiche. Peleka kwa fundi kwanza, kisha uza. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini mwili wa mtu haujengwi kwa matofali.