Sehemu ya 3: Huyo samaki si mfanya usafi wako

Jamani, wengi mmeniuliza kuhusu yule samaki mweusi anayenata kwenye kioo. Nimetoka shifti ya usiku, macho mazito, lakini acha niandike maana mnadanganywa.

Dukani unaambiwa, "Chukua na huyu, atakusafishia tanki." Hata mimi niliambiwa hivyo. Alikuwa na urefu wa kidole, nikamtia kwenye tanki la lita 60. Kumbe akikua anafika sentimita 40 na zaidi! Na huo usafi? Mwani anakula, ndiyo, ila anakunya kutwa kucha. Kinyesi kinaleta amonia, na amonia inaunguza matamvua ya samaki wote mle ndani.

Wodini hatumchomi mtu sindano kabla hatujahakikisha jina lake. Sasa samaki mbona tunamchukua kwa jina la "pleko" tu, wakati jina hilo wanaitwa mamia ya spishi? Mtazame akiwa amesimamisha pezi la mgongoni. Ule mwiba mgumu wa mbele uache, hesabu vijiti laini vya nyuma yake. Vikiwa 7, huenda ni Hypostomus. Vikiwa 10 au zaidi, ni Pterygoplichthys, na ndiye mnayeuziwa wengi wenu. Akinata kwenye kioo mwangalie tumbo: madoa yakiwa yameachana ni pardalis, yakiungana kama minyoo ni disjunctivus. Wote kwao ni bonde la Amazon. (Machotara wapo, msinigombeze.)

Mwenye tanki dogo atafute Ancistrus, ambaye dume lake lina vinyama kama ndevu usoni. Huyo anaishia sentimita 12 hivi, 15 akizidi. Mpe gogo la kujificha na vipande vya tango, akili yake itulie. Pterygoplichthys mimi simshauri mtu mwenye chini ya lita 400.

Na akikushinda, usimpeleke mtoni! Kule Florida walitoka kwenye biashara hii hii ya samaki wa mapambo wakaingia kwenye mifereji. Madume wanachimba mashimo kingoni ili mayai yawekwe humo, na kingo zinabomoka. Halafu anaweza kumeza hewa, kwa hiyo hata maji mabaya hayamuui kirahisi.

Wangu nilimpa jirani mwenye tanki kubwa. Watoto walininunia siku mbili.