Fomula Isiyolalamika

Aghalabu wahadhiri wanaojumlisha alama kwa tarakilishi huamini kwamba ishara ya dola ndani ya fomula ni kinga tosha. La hasha! Ishara hiyo huzuia marejeleo kuhama fomula inaponakiliwa. Safu ikiongezwa au kufutwa, haifui dafu.

Safu mlalo iliyorejelewa moja kwa moja ikifutwa, Excel angalau hupiga kelele: huandika #REF!. Hilo ni kosa lenye heshima. La kutisha ni VLOOKUP iliyoagizwa kuleta safu wima ya 4, yenye alama za mtihani. Karani akichopeka zoezi jipya mahali hapo, mtihani husogea hadi safu ya 5, nayo fomula huendelea kuleta ya 4. Mwanafunzi hufelishwa kimyakimya, wala hapana anayeshtuka.

INDEX na MATCH zikishirikiana huitafuta safu kwa jina la kichwa chake, popote ilipohamia. Kufunga laha kwa nywila nako kunafaa (ingawa nywila ijulikanayo na idara nzima ni mlango wazi). Kabla ya matokeo kutangazwa, idara haina budi kuchopeka safu tupu katika nakala ya laha na kutazama iwapo alama zitabadilika.