Jeni Bila Kubebwa na Virusi

Septemba 1999, mjini Philadelphia, Jesse Gelsinger, kijana wa miaka 18, alidungwa virusi vilivyobebeshwa jeni ya kutibu maradhi yake ya ini. Siku 4 baadaye alifariki. Mwili wake haukuona dawa, uliona adui.

Tangu hapo virusi vimeboreshwa na vimeokoa watoto. Tiba ya jeni iitwayo Zolgensma, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2019, hubebwa na virusi vya AAV. Lakini dozi moja iliingia sokoni kwa zaidi ya dola milioni 2, na mgonjwa ambaye damu yake tayari ina kingamwili nyingi dhidi ya virusi hivyo huenda akakataliwa.

Ndiyo maana nazitazama peptidi kwa matumaini. Ni vipande vifupi vya protini, asidi amino zilizotungwa kama shanga. Mwaka 1988 iligunduliwa kwamba protini ya Tat, itokayo kwenye virusi vya UKIMWI, hujipenyeza yenyewe ndani ya seli. Siri yake ni kipande kidogo kilichosheheni chaji chanya. DNA ina chaji hasi, basi peptidi za namna hiyo huing'ang'ania na kuikunja ikawa kidonge kidogo kinachomezwa na seli. Nazo hutengenezwa kwa kemia, bila kufuga kirusi chochote.

Tatizo liko hapo kwenye kumezwa. Seli hukifungia kidonge ndani ya kifuko chenye asidi, na shehena nyingi huozea humo. Virusi vimekuwa vikitoroka vifuko hivyo tangu enzi na enzi. Peptidi ndiyo kwanza zinajifunza. Anayesema virusi vimepitwa na wakati ana haraka mno.

Seli zikitibiwa nje ya mwili, hali ni nyingine. Casgevy, tiba ya selimundu iliyoidhinishwa Uingereza Novemba 2023, hupitisha mikasi ya jeni (CRISPR) kwenye seli za uboho kwa mshtuko wa umeme, ambao huua baadhi yake. Mwaka huohuo watafiti wa Marekani walionyesha kuwa peptidi huweza kuingiza mikasi hiyo kwenye seli za damu kwa kuchanganywa nazo tu. Mgonjwa bado angehitaji dawa kali za kusafisha uboho, lakini mashine ya mshtuko wa umeme isingehitajika.

Tanzania ni miongoni mwa nchi ambako huzaliwa watoto wengi zaidi wenye selimundu duniani, na Hospitali ya Muhimbili imekuwa ikifuatilia maelfu ya wagonjwa tangu 2004. Ujuzi wa ugonjwa tunao. Serikali zetu zitenge fedha sasa, ili wanakemia wetu wakae meza moja na madaktari wa Muhimbili.